Mchu na Mkoko: Tanga na Morogoro Zikisomwa Kibiti

Sentensi yenyewe kila Mtanzania anaijua: "Serikali itahakikisha viwanda vilivyokufa vinafufuliwa." Hii nimeiunga mwenyewe, nikinywa chai stendi ya Kibiti huku mabasi ya Lindi na Mtwara yakiingia na kutoka, lakini sikuwa na kazi kubwa ya utunzi. Maneno hayo yamekwisha zoeana. Ukiliita moja, mengine yanakuja yenyewe kama mbuzi wa zizi moja.

Mhakiki akikutana na ubeti uliokaririwa kiasi hicho, haanzi kwa kuuliza kama ni kweli. Anauliza umejengwaje.

Sentensi ina vitenzi vitatu. Cha kwanza, "itahakikisha", ndicho pekee chenye mtenda anayejulikana, na mtenda huyo hafufui kitu, anahakikisha tu. Tena yuko ndani ya -ta-, wakati usio na tarehe. Cha pili, "vilivyokufa", ni kitenzi cha maumbile. Kiwanda kimekufa kama bibi kizee alivyokufa, siku zake zilipotimia. Hakikuuawa, hakikufilisiwa, mashine zake hazikung'olewa usiku zikauzwa kwa kilo. Cha tatu, "vinafufuliwa", kimetiwa -w- ya kutendwa, kisha nukta imewekwa pale pale ambapo sikio linangoja "na". Na nani? Sentensi imeshaondoka jukwaani.

Lugha yetu ya viwanda ilijifunza ufundi huu miaka ya 1990. Chombo kilichopewa kazi ya kuuza mali za umma hakikuitwa tume ya kuuza. Kiliitwa Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma. Neno "binafsi", ambalo mzee wa Kindengereko hulitumia akizungumzia mambo ya nyumbani kwake, likapewa mkia wa -sha, halafu wa -shwa, na viwanda "vikabinafsishwa". Hata kaulimbiu ya "Tanzania ya viwanda", iliyotawala baada ya 2015, haina kitenzi kabisa. Ina jina, kihusishi na jina. Kisichokuwa na kitenzi hakiwezi kuchelewa.

Kilichonivutia mimi zaidi, hata hivyo, ni "fufua" yenyewe. Kiswahili kina jozi nyingi za aina yake: fungua na funguka, pasua na pasuka. Upande mmoja kuna mkono wa mtu, upande wa pili kitu kinatendeka chenyewe. Fundi wa stendi hufufua injini, wakili hufufua kesi, na sisi tulio wengi huku Rufiji tumefundishwa madrasa kwamba siku ya Kiyama watu watafufuliwa. Katika habari za viwanda nimesikia "kufufua" na "kufufuliwa" mpaka nimechoka. "Kufufuka" silisikii. Hakuna mji wa Tanzania ambao umewahi kuruhusiwa na sarufi ya hotuba ufufuke wenyewe.

Tofauti hiyo ningeiacha kwenye daftari la shule kama nisingekuwa ninakaa jirani na Delta.

Delta ya Rufiji ina hekta zipatazo 50,000 za mikoko, msitu mkubwa kabisa wa aina hiyo ulioungana katika Afrika Mashariki. Mgeni huuita wote "mikoko" akamaliza. Watu wa Salale, Kiongoroni, Mbwera na Msala wanaita kila mti kwa jina lake: mkoko, mchu, msinzi, mkandaa, mlilana, mkomafi. Na kati ya mkoko wenyewe na mchu kuna tofauti ambayo sijaona ikitajwa katika mpango wowote wa maendeleo ya miji, ingawa ingestahili. Mchu ukiukata, kisiki hutoa machipukizi. Mwaka mwingine unakuta fito zimesimama. Mkoko ukishakomaa, macho ya kuchipulia katika shina lake hufa. Ukiukata chini umeukata. Kisiki hubaki kizuri, kigumu, kinashikika, na hakitatoa jani hata ukikizungushia uzio na bango la mradi. Mkoko hurudi kwa njia nyingine: tunda lake refu huanza kuota likiwa bado juu ya mama, kisha huanguka na kujichoma topeni, likakaa pale liliposhikwa. Watu wa magazeti hupenda kusema mkoko ndio kwanza unaalika maua wakiwa na maana kwamba jambo limeanza kunoga. Wangeangalia na visiki.

Kwa macho hayo nataka kuisoma miji miwili inayotajwa kila viwanda vilivyokufa vinapotajwa: Tanga na Morogoro. Kibiti si mbali nayo kama ramani inavyodai. Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115, limefunga mto ule ule unaotupa sisi matope na mpunga. Umeme wake husafirishwa kwa njia ya msongo wa kilovoti 400 hadi Chalinze. Kila dereva anaijua Chalinze: ukinyoosha unakwenda Morogoro, ukikunja kulia unaelekea Segera na Tanga. Basi maji ya Rufiji yakishageuka umeme yanafika hapo njia panda kama abiria mwingine yeyote. Anayezungumzia kufufua mji wowote kati ya hiyo miwili anazungumzia mto wetu, na tuna haki ya kusoma anachosema.

Tuanze na Tanga, na tuanze na namba. Mtaa wa Ngamiani hauna majina ya mashujaa wala ya maua. Barabara zake zina namba: ya sita, ya kumi na mbili, ya kumi na tano. Mji umehesabiwa. Nao vibarua waliokwenda kukata mkonge kwenye mashamba ya nyuma ya mji, kutoka Songea, Njombe na Kigoma, waliitwa manamba, kwa sababu waliandikishwa kwa namba. Kiswahili kililichukua neno la karani na kulifanya jina la tabaka la watu, likiwa na wingi wake kamili. Sijui kama kuna istilahi yoyote ya uchumi wetu iliyobeba historia nyingi kuliko hiyo kwa silabi tatu.

Umbo la Tanga ni umbo la mstari. Reli ilianza kujengwa bandarini 1893, mwaka ule ule ambao Richard Hindorf alileta miche ya mkonge. Ni 62 tu iliyofika hai. Reli ikapita chini ya milima ya Usambara na kufika Moshi 1911. Kila kitu kinatazama upande mmoja: shamba, korona ya kuchakata majani, mabehewa, bandari, meli. Mwaka 1964 Tanganyika ilitoa karibu tani 230,000 za mkonge, ikiongoza duniani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 zilikuwa zimebaki kama tani 20,000. Wengine husimulia anguko hilo kwa sura moja, ama Azimio la Arusha na utaifishaji wa mashamba 1967, ama kamba za plastiki zilizovunja bei. Zote mbili ziliuma, na wakati sisi tunabishana ipi iliuma zaidi, Brazil iliendelea kulima.

Lakini angalia kilichobaki baada ya shoka. Mkonge wenyewe haukuondoka; bado unalimwa Korogwe na Muheza. Bandari haikuondoka. Saruji ya Pongwe, iliyoanza 1980, haikuzimika. Treni ya mizigo kwenda Moshi ilirudi 2019 baada ya miaka mingi ya reli kuota nyasi. Gati lilichimbwa kufikia kina cha mita 13, meli zikaanza kufunga ukutani, ambapo kabla ya hapo zilitia nanga mbali na shehena ikaletwa kwa matishari. Hakuna hata kimoja hapo kilichoagizwa kama mradi mpya wa kubuni. Ni machipukizi, na yanatoka mahali pale pale lilipokatwa tawi. Tanga ni mchu.

Si Tanga yote. Kiwanda cha mbolea kilichofanya kazi kati ya 1972 na 1991 kilisimama bandarini kikila malighafi ambazo kwa sehemu kubwa ziliagizwa ng'ambo. Kilikuwa mgeni aliyekaa karibu na mlango. Kilipofungwa, hakuna shamba wala mgodi nyuma yake uliokuwa umeshikana nacho kwa mizizi, na hakikuchipua. Ndani ya mji mmoja unaweza kuwa na miti ya aina zote mbili, na kosa la sentensi niliyoanza nayo ni kwamba "viwanda" ni wingi usiochagua.

Morogoro ndiyo inayonipa raha ya kusoma, kwa sababu ya jina lake la utani: mji kasoro bahari. Wengi hulisikia kama sifa ya mchezo, wakapita. Mimi ningependa tukae nalo kidogo. Kasoro si bila. Mji bila bahari ni mji wa bara tu, kama Dodoma au Tabora. Kasoro ni neno la saa: saa tatu kasoro robo. Linatangaza kitu kamili, kisha linapunguza kipande. Anayesema "kasoro bahari" amedai kwa ujanja kwamba milima ipo, maji yapo, matunda yapo, muziki upo, reli ipo, na kwamba bahari ndiyo pekee iliyochelewa kidogo njiani. Ni majigambo yaliyovaa kanzu ya unyenyekevu.

Bahati mbaya viwanda vya Morogoro vilijengwa kwa sarufi hiyo hiyo. Katika mkakati wa viwanda vya msingi uliotangazwa 1975, mji huu ulichaguliwa kuwa ngome: viatu, turubai, nguo, ngozi. Kiwanda cha viatu, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kilipangiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi kati ya hizo ziende Ulaya. Hakikuwahi kufika hata asilimia 5 ya uwezo wake, na 1990 kikafungwa. Kilikuwa na kila kitu kasoro ngozi nzuri, kasoro vipuri, kasoro mnunuzi wa Ulaya aliyekuwa anavisubiri.

Jengo lake lilisema hayo mapema kwa yeyote aliyejua kusoma majengo. Kuta zilikuwa za bati la aluminiamu, hewa haipiti, umbo la nchi yenye theluji likiwekwa chini ya Uluguru. Mafundi walikuwa ndani ya sufuria. Jengo ni sentensi, na sentensi hii ilitafsiriwa neno kwa neno: kila sehemu yake ilikuwa sahihi kwao na haikusemeka kwetu. Ukiona kibanda cha fundi viatu pembeni mwa soko, ukuta mmoja wazi na mwembe juu, umeona sahihisho lake.

Kwa hiyo Morogoro ya viwanda ni mkoko. Visiki vyake ni vizuri kutazama. Vina uzio, vina walinzi, vina historia ya kila waziri aliyepita kuvikagua. Ninaposikia ahadi ya kuvifufua namkumbuka mtu anayemwagilia kisiki. Hata hivyo mji haufi kwa kuwa kisiki hakichipui. Miche inaanguka topeni pembeni. Treni ya umeme ilianza safari za Dar es Salaam hadi Morogoro katikati ya 2024, na safari iliyokuwa ikila asubuhi nzima barabarani sasa haifiki saa mbili. Miwa ya mkoa inasindikwa Kilombero na Mtibwa, na sasa Mbigiri huko Kilosa, ambako kiwanda cha Mkulazi kimeanza kutoa sukari. Hivi vina kitu ambacho kiwanda cha viatu hakikuwa nacho: ukisimama getini unaona shamba. Ila angalia kwamba vipo nje ya mji, kwenye mabonde. Mche wa mkoko hauoti juu ya kisiki cha mama yake.

Nikitakiwa kuchagua, nitasema Tanga iko karibu zaidi na kusimama tena, na Morogoro itasimama mahali pengine kabisa na pale tunapopatazama. Lakini hofu yangu kubwa ni kwa Tanga, na hofu hiyo nimeipata Delta.

Zamani, kabla ya nondo na saruji, Delta ilikuwa kiwanda. Boriti zilikatwa, zikachambuliwa kwa unene, fito, pau, mazio, boriti, nguzo, zikafungwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, zikapakiwa majahazini kwenda Unguja, na kwa upepo wa kusi kwenda hadi Ghuba. Ukiingia nyumba ya kale ya Mji Mkongwe au ya Lamu utashangaa chumba kilivyo kirefu na chembamba. Wapo wanaotafuta falsafa katika wembamba huo. Jibu lina urefu wa kama mita mbili na nusu hadi tatu, nalo ni boriti: dari haiwezi kuwa pana kuliko mti ulioibeba. Huko Kuwait na Bahrain ilikuwa hivyo hivyo, vyumba vya watu ambao hawakuwahi kulisikia jina la Salale vilipimwa na msitu wa Salale. Ninajua mifano michache ya umbo inayonifurahisha kama huu. Msitu wa Rufiji uliandika vipimo vya sebule za pwani nzima na kusaini kwenye dari.

Sasa nenda Salale utafute sebule hizo. Hazipo. Nyumba ni za miti na makuti, juu ya tope. Boriti ilipita, haikukaa. Ghuba ikapata mafuta, ikajenga kwa chuma na zege, majahazi yakapungua, na 1987 serikali ikapiga marufuku ukataji wa mikoko. Delta ikabaki na visiki na kumbukumbu ya hesabu ya korija. Iliyoupa ulimwengu umbo haikubakiza hata duka la seremala.

Ndiyo maana bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, kilomita 1,443, hadi Chongoleani, jirani na mji wa Tanga, silihesabu haraka upande wa machipukizi. Kitenzi chake ni "kupita". Mafuta yatapita, meli zitapita, na mshahara wa ujenzi nao ni wa kupita. Umbo ni lile lile la mwaka 1893: mstari kutoka bara hadi maji, na mji ukiwa mdomo wa mfereji. Mchu ukiendelea kukatwa kila unapochipua, nao huchoka. Kama Tanga itatoa katani ghafi, saruji na mafuta ya watu wengine bila kusokota, kusuka wala kusafisha chochote, mjukuu wa manamba atakuwa na namba mpya tu.

Delta, kwa upande wake, imewahi kukataa ahadi ya ufufuo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilikuja kampuni na mpango wa mabwawa ya kamba, hekta kwa maelfu, ajira kwa maelfu. Wanakijiji walipinga hadi mahakamani, na mabwawa hayakujengwa. Mpaka leo wapo wanaosema tulikataa utajiri. Ninachokumbuka mimi ni kwamba safari ile sentensi ilipofika kwenye -w- ya kutendwa, kuna watu walisimama na kuuliza: na nani? Kwa maji ya nani?

Swali hilo halijazeeka. Bwawa huko juu linazuia mchanga na tope, na tope ndilo lililoijenga Delta. Aprili 2024 mafuriko yalizamisha mashamba Rufiji na Kibiti, watu wakahamia vilimani, na mabishano juu ya nani alifungua maji na lini yaliendelea hadi mavuno yasiyovunwa. Kama viwanda vya njia panda ile ya Chalinze vitaamka kwa umeme huu, hesabu yake haiwezi kufungwa kwa kuwataja wanaopokea nyaya tu.

Basi ombi langu kwako msomaji, uwe wa Tanga, wa Morogoro au wa huku kwetu, ni la kisarufi. Siku utakapoisikia tena ile sentensi, usipige makofi kwenye nukta. Mwombe msemaji aendelee, kwa sababu Kiswahili kimemwachia nafasi baada ya "vinafufuliwa", na nafasi hiyo huanza na "na". Kisha mwulize kisiki anachokizungumzia ni cha mti gani.